Debe Shinda Baharini: Kutika kwa Shehena za Viowevu katika Meli na Suala la Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema, mbili hufanana kiasi cha kuchukuliwa kuwa ni moja. Ya kwanza ni "debe tupu haliachi kuvuma". Ya pili ni "debe shinda haliachi kutika". Mara nyingi methali hizi huwekwa bega kwa bega na kupewa fasiri moja, kwamba mtu asiye na maarifa ya kutosha ndiye mwenye maneno mengi. Fasiri hiyo haina kosa katika matumizi ya kila siku. Hata hivyo, huficha jambo ambalo wahenga walilitofautisha kwa makini.

Debe tupu huvuma kwa sababu ndani yake hamna kitu ila hewa. Likigongwa, bati hutetema na mlio ukakuzwa na uwazi uliomo. Debe shinda halina tabia hiyo. Shinda ni hali ya chombo kuwa na kitu ndani lakini kisijae, na chombo cha namna hiyo kikibebwa, maji yaliyomo hukimbilia upande mmoja, yakaupiga ubavu, yakarudi upande wa pili, yakaupiga nao. Huko ndiko kutika. Methali hizi basi zinataja matukio mawili ya kifizikia yaliyo mbalimbali. Aliyeyachanganya ni msomaji wa siku hizi, ambaye pengine akiliona neno "shinda" hulihusisha na ushindi, kana kwamba debe hilo limetoka mashindanoni.

Makala haya yanalifuata debe shinda hadi baharini, katika matangi ya meli zinazobeba mafuta na gesi iliyogeuzwa kiowevu. Huko, kutika si kero ya mchota maji aliyeloa mabega. Ni nguvu ya maelfu ya tani inayoweza kupasua kuta za tangi, na yenye jamaa yake wa karibu aliyekwisha kupindua meli na kuangamiza mamia ya watu. Katika kulieleza jambo hili, makala yanachunguza pia iwapo Kiswahili kina neno la kuliita, au kinalazimika kukopa.

Mrama na ngama

Lugha iliyokulia pwani haiwezi kukosa msamiati wa chombo kinachosukwa na mawimbi. Mwanafunzi aandikapo katika insha yake kwamba mambo yalikwenda mrama, anatumia neno la mabaharia pasipo kujua. Mrama ni ule mwendo wa chombo kulala upande huu na kuinukia upande wa pili kinapopigwa na mawimbi ya ubavuni. Chombo kikienda mrama, shehena isiyofungwa huhama, abiria hutapika, na nahodha hutafuta namna ya kulielekeza omo kwenye mawimbi. Mwendo wa pili ulio muhimu kwa mada hii ni ule wa omo kupanda huku tezi likishuka, kisha tezi kupanda huku omo likizama. Wataalamu wa meli huhesabu miendo sita kwa jumla, lakini hii miwili ndiyo inayotikisa zaidi viowevu vilivyomo matangini.

Ngama nayo ni sehemu ya chini kabisa ya chombo, ambamo maji yanayopenya baina ya mbao hukusanyika. Kila jahazi lilikuwa na kazi ya kufua maji ya ngama, na kazi hiyo haikuwa ya usafi tu. Maji mengi chini ya shehena hukimbia kila chombo kinapolala, na hukimbilia upande ule ule ambao chombo kimelalia. Yanaongeza uzito mahali ambapo uzito hautakiwi, na kwa wakati usiotakiwa. Mabaharia walilijua hilo kwa mikono yao kabla ya hesabu yoyote kuandikwa.

Kuhusu shehena yenyewe, jahazi halikuwa na tatizo kubwa. Tende, boriti, nguo na nafaka hazitiki. Viowevu kama vile samli, asali na mafuta ya nazi vilisafirishwa katika vyombo vidogo vilivyopangwa na kufungwa. Sababu ya udogo huo kuwa salama si kwamba mtungi mmoja una uzito haba tu. Ni suala la mapigo.

Kila chombo na pigo lake

Yeyote aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea anajua kwamba bembea ina mwendo wake. Ukiisukuma kwa kuufuata mwendo huo, hata kwa kidole, itapaa. Ukiisukuma ovyo, nguvu zako zitapotea. Maji yaliyomo chomboni yana tabia hiyo hiyo. Yakichokozwa mara moja na kuachwa, yataenda na kurudi kwa muda maalumu usiobadilika, na muda huo hutegemea mambo mawili: urefu wa chombo kutoka ubavu hadi ubavu, na kina cha maji yaliyomo.

Debe la kawaida la maji lina ubavu wa takriban sentimita 24. Likiwa limejaa kiasi, maji yake huenda na kurudi kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida hupiga hatua moja kwa muda unaokaribia huo huo. Kwa hivyo, mchota maji na debe lake wamekutana katika pigo moja, na kila hatua ni kisukumo kingine cha bembea. Maji lazima yamwagike. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, H. C. Mayer na R. Krechetnikov, walichapisha uchunguzi wa kwa nini kahawa humwagika kikombeni mtu anapotembea, na wakaonyesha uhusiano huu huu baina ya hatua za mtu na pigo la kinywaji. Uchunguzi huo ulipewa tuzo ya mzaha inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Katika vijiji vingi vya Kenya tatizo lilikwisha kupatiwa dawa pasipo tuzo: matawi au majani mabichi hutandazwa juu ya maji, na mawimbi madogo yakavunjika kabla hayajakua.

Tuchukue sasa karai lenye urefu wa sentimita 40 na maji ya kina cha sentimita 20. Pigo lake ni robo tatu ya sekunde. Kisha tulikuze karai hilo mara mia moja, liwe tangi lenye urefu wa mita 40 na kiowevu cha kina cha mita 20. Pigo halikui mara mia moja. Hukua kwa kipeuo cha pili cha ukubwa, yaani mara 10, na hivyo kuwa sekunde 7 na nusu. Kanuni hii fupi inaeleza mengi. Mawimbi makubwa ya bahari kuu hupita kwa nafasi ya sekunde 5 hadi 20 hivi. Mtungi wa samli, wenye pigo la chini ya sekunde moja, hauna wimbi la bahari la kuafikiana nalo; bahari humsukuma mtoto wa bembea huyo ovyo, na nguvu zikapotea. Tangi la mita 40 limeingia katika kipimo cha bahari yenyewe. Kadiri meli zilivyokua, ndivyo shehena zake zilivyojifunza kucheza kwa ngoma ya mawimbi.

Maji ya ngama yalikuwa tayari katika kipimo hicho. Kwa makadirio, maji ya kina cha sentimita 30 yaliyotanda kwenye upana wa mita 5 huenda na kurudi kwa takriban sekunde 6, kwa kuwa kina kidogo huyachelewesha maji. Uchelewaji huo ni muhimu kwa yafuatayo.

Gesi iliyopozwa na safari ya kurudi

Gesi asilia ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sufuri katika kipimo cha Selsiasi hugeuka kiowevu, na ujazo wake hupungua karibu mara 600. Kwa njia hiyo inaweza kusafirishwa melini kama mafuta. Meli ya kwanza kuivusha bahari ya Atlantiki kwa umbo hilo ni Methane Pioneer, mwaka 1959, kutoka jimbo la Louisiana nchini Marekani hadi kisiwa cha Canvey nchini Uingereza. Mwaka 1964 biashara ya kawaida ilianza kati ya Algeria na Uingereza.

Kuna namna kadhaa za kujenga tangi la kubebea kiowevu chenye baridi hiyo. Namna mojawapo ni tufe kubwa la alumini linalochomoza juu ya sitaha. Tufe halina pembe za kupokea mapigo, na ukuta wake ni mnene, kwa hivyo kutika hakulisumbui sana. Kasoro yake ni kupoteza nafasi, kwani mwili wa meli si wa mviringo. Namna ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi leo, ni kuufanya mwili wa meli wenyewe uwe tangi: kuta zake hufunikwa kwa vizuia joto, na juu ya vizuia joto hivyo hutandikwa utando wa chuma. Utando huo ni mwembamba ajabu. Katika mfumo mmoja ni chuma cha pua chenye mikunjo na unene wa milimita 1.2. Katika mfumo mwingine ni aloi ya chuma na nikeli ya asilimia 36, yenye unene wa milimita 0.7. Kazi ya utando si kubeba uzito bali ni kuzuia gesi isipenye. Uzito hubebwa na mwili wa meli kupitia kwenye vizuia joto. Mpango huu hufaa mradi kiowevu kimetulia.

Meli ya gesi huondoka bandarini ikiwa imejaa karibu kabisa. Ikirudi, huwa imeshusha shehena, lakini haiachi matangi yakauke. Huhifadhi kiasi kidogo cha kuyapoza, ili yakifika kupakia tena yasiwe na joto. Kiasi hicho, kwa Kiswahili cha methali, ni shinda. Meli mbili zilizosafirisha gesi kutoka Kenai, Alaska, hadi Japani, Polar Alaska na Arctic Tokyo, ndizo zilizoufundisha ulimwengu gharama ya shinda. Polar Alaska ilipata madhara mwaka 1969, Arctic Tokyo mwaka 1971. Katika kila moja, gesi kidogo iliyobaki tangini ilitikiswa na bahari ya Pasifiki ya Kaskazini hadi ikaharibu utando.

Msomaji anaweza kushangaa: iweje kiasi kidogo kidhuru kuliko kingi? Hapa ndipo hesabu ya kina inaporudi. Tangi la mita 40 likiwa na kina cha mita 19, pigo lake ni kama sekunde 7 na nusu. Wimbi la bahari lenye muda huo lina urefu usiofika mita 90 kutoka kilele hadi kilele. Meli ya mita 290 hulala juu ya mawimbi matatu ya namna hiyo kwa mpigo na hainyanyuki sana. Kina kikiwa mita 4, pigo hupungua mwendo na kufikia sekunde 13. Wimbi la sekunde 13 lina urefu wa zaidi ya mita 260, yaani karibu sawa na meli yenyewe. Wimbi la kipimo hicho humwinua omo na kumzamisha kwa nguvu zote. Tangi na meli na bahari, vyote vitatu, vimeafikiana katika pigo moja.

Isitoshe, kiowevu cha kina kifupi hakiendi na kurudi kwa upole. Hujikusanya kuwa ukuta mmoja wa maji unaokimbia sakafuni mwa tangi, mfano wa wimbi linaloingia ufukweni, na kuubamiza ukuta wa mbele. Kiowevu kingi zaidi hufanya jambo tofauti: hupanda ubavuni na kugonga pembe za dari. Ndiyo maana matangi ya utando hukatwa pembe zake za juu na za chini, sehemu ya kati ikawa na umbo la pande nane. Pigo lenyewe hudumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na shinikizo lake hutofautiana kutoka wimbi hadi wimbi hata pale mawimbi yanapoonekana sawa kwa macho. Wakati mwingine kiowevu hufungia kifuko cha gesi ukutani na kukibana kama mto. Wakati mwingine hufika ukutani kikiwa bapa, pasipo mto wowote. Tofauti hiyo ndogo ya umbo ndiyo inayoamua kama utando utasalimika. Wahandisi wanaofanya majaribio kwa matangi madogo, aghalabu ya kipimo cha moja kwa arubaini, hulazimika kuchanganya gesi nzito juu ya maji ili uwiano wa uzito ufanane na ule wa tangi halisi.

Uzito nao si wa kupuuzwa, ijapokuwa gesi kiowevu ni nyepesi, haifiki nusu ya uzito wa maji. Tangi lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 38, likiwa na kina cha mita 8 tu, lina tani zaidi ya 5,000. Huo ni uzito wa treni ndefu ya mizigo, na unakimbia huku na huko ndani ya chumba kilichopambwa kwa bati jembamba.

Matokeo ya masomo hayo yalikuwa kanuni inayofuatwa hadi leo katika meli za utando: baharini, kiowevu kiwe chini ya takriban asilimia 10 ya kimo cha tangi au zaidi ya asilimia 70. Katikati ni eneo lililokatazwa. Kanuni hii ni rahisi kwa meli inayokwenda imejaa na kurudi ikiwa karibu tupu. Ni ngumu kwa vyombo vinavyoelea mahali pamoja, vikiyeyusha gesi ya visima vya baharini na kuihifadhi hadi meli ije kuichukua, kwa kuwa matangi yake hupita katika kila kiwango kila juma. Chombo cha Prelude kilichoko pwani ya Australia kilipewa safu mbili za matangi badala ya moja, ili upana wa kila tangi upungue na pigo lake liondoke katika kipimo cha mawimbi. Suala hili limesogea karibu na kwetu. Tangu Novemba 2022 chombo cha Coral Sul, kilichotia nanga nje ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, kimekuwa kikisafirisha gesi, na Tanzania imekuwa ikijadili kwa zaidi ya mwongo mmoja mradi wa gesi kiowevu huko Lindi.

Uzito unaohama

Kuna jambo la pili ambalo aghalabu huchanganywa na kutika, nalo linahitaji kutengwa. Hata kama maji hayagongi ukuta kwa kishindo, kule kuhama kwake tu polepole kuelekea upande uliolala hupunguza uwezo wa meli kujiinua. Hatari hii haitegemei sana wingi wa maji. Hutegemea upana wa uso wake: upana ukiongezeka mara mbili, madhara huongezeka mara nane. Maji ya kina cha kifundo cha mguu yaliyotanda sitaha nzima yanaweza kuwa mabaya kuliko tangi zima lililojaa hadi juu.

Mfano wenye uchungu zaidi ulitokea katika Bahari ya Shamu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 2006, meli ya abiria Al-Salam Boccaccio 98 ilikuwa ikivuka Bahari ya Shamu kutoka Duba, Saudi Arabia, kuelekea Safaga, Misri, moto ulipozuka katika sitaha ya magari. Mabaharia waliuzima kwa maji. Maji hayo hayakupata njia ya kutosha ya kutoka, yakatanda sitahani, na meli ikaanza kulala. Ilipinduka, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Moto haukuwaua wengi wao. Kilichowaua ni maji yaliyomwagwa kuwaokoa. Katika ajali ya Herald of Free Enterprise huko Zeebrugge, Ubelgiji, mwezi Machi 1987, maji yaliingia kupitia mlango wa omo ulioachwa wazi na kutanda vivyo hivyo. Waliokufa ni watu 193.

Dawa ya msingi ya hali zote mbili ni kugawa. Tangi likigawanywa mara mbili kwa ukuta wa kutoka omo hadi tezi, hatari ya uzito unaohama hupungua hadi robo, na pigo la kutika kwenye upana hufupishwa likawa si la mawimbi makubwa tena. Meli za mafuta zinazotia nanga Kipevu, Mombasa, zina kuta kama hizo. Hata malori ya mafuta yanayopanda kutoka Mombasa kuelekea Nairobi yana vizuizi ndani ya matangi yake, na dereva aliyewahi kufunga breki tangi likiwa nusu anajua kwamba lori husimama kwanza, kisha mafuta yakalisukuma tena mbele. Matangi ya utando hayana bahati hiyo. Utando wa milimita moja hauwezi kushikilia vizuizi, na ndiyo sababu yakaachwa na kanuni ya viwango. Wahandisi wa Korea Kusini wamewahi kujaribu blanketi la vipande vyepesi vinavyoelea juu ya gesi, vikavunja mawimbi yake. Mchota maji mwenye majani juu ya debe lake asingeshangaa.

Ajabu ni kwamba kutika huku kumewahi kufanywa mtumishi. Katika miaka ya 1880 Philip Watts wa Uingereza aliweka vyumba vya maji katika manowari ya Inflexible, vikiwa vimepimwa ili maji yakimbie kinyume cha mrama, yaani yawe yakielekea kulia meli inapolala kushoto. Mjerumani Hermann Frahm aliliendeleza wazo hilo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa matangi mawili yaliyounganishwa chini kwa njia ya maji. Pigo lile lile linaloharibu likicheleweshwa kwa robo ya mzunguko hutuliza.

Neno lake ni lipi?

Hadi hapa makala yametumia kitenzi "kutika" pasipo kukitetea. Kinahitaji kutetewa, kwa kuwa kina wapinzani.

Mpinzani wa kwanza ni "kumwagika". Ndilo neno ambalo mfasiri mwenye haraka atalifikia, kwa kuwa kikombe kinachotika humwagika. Tangi la meli halimwagiki. Limefungwa, na ndani yake kiowevu chote kipo. Baharia atakayesoma katika ilani kwamba shehena inaweza kumwagika atakagua mifereji na vali, akaacha kukagua kiwango. Kosa la neno hapa si la urembo wa lugha.

Wa pili ni "msukosuko". Hili lina asili njema. Linatokana na kusukasuka, na kusuka maziwa kibuyuni hadi yatoe siagi ni mfano kamili wa kiowevu kinachopigwa huku na huko chomboni. Tatizo ni kwamba neno limekwisha kupewa kazi nyingi mno. Kuna misukosuko ya kisiasa, ya ndoa, na ya ndege angani. Bahari nayo ina msukosuko wake, hivyo sentensi kama "msukosuko ulisababisha msukosuko tangini" haielezi nini kilisababisha nini.

Wa tatu ni "mrama wa ndani", ambalo lina mvuto wa kishairi. Lakini mrama ni mwendo wa chombo kizima, si wa kilichomo, na tena ni wa ubavuni tu, ilhali tumeona kwamba madhara makubwa hutokana pia na kupanda na kushuka kwa omo.

"Kutika" lina udhaifu mmoja wa kweli: halisikiki sana katika mazungumzo ya leo, na wengi hulijua kwa njia ya methali pekee. Hata hivyo, udhaifu huo ni faida kwa mwundaji wa istilahi, kwani neno lisilo na shughuli nyingine halileti utata. Umbo lake nalo linakubali kunyambuliwa. Mwanafunzi wa mofolojia ataona shina "tik-" likijitokeza katika "tikisa" na "tikisika", na kwa hivyo mfuatano wa sababu unaweza kusemwa kwa shina moja: mawimbi huitikisa meli, meli hulitikisa tangi, nayo shehena hutika. Nomino "mtiko", wingi "mitiko", inaundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa "mwendo" na "msuko". Anayeogopa kwamba itachanganywa na "mtikiso" azingatie kwamba mtikiso una mtendaji wa nje, ilhali mtiko ni wa kiowevu chenyewe, na huendelea hata baada ya chombo kutulia. Sayansi inahitaji tofauti hiyo hiyo.

Neno "shinda" nalo linastahili kufufuliwa pamoja na mwenzake. Kiswahili cha sasa husema "lisilojaa" au "lililojaa nusu", na yote mawili hayatoshi. Tangi lenye asilimia 15 halijajaa nusu, na lenye asilimia 99 halijajaa. Shinda si kipimo cha wingi bali ni hali: kilichomo kina nafasi ya kukimbia. Hali hiyo ndiyo inayokatazwa na kanuni ya asilimia 10 na 70.

Pingamizi linalobaki ni kwamba vyuo vya mabaharia hufundisha kwa Kiingereza, na bahari ina lugha yake ya kimataifa. Ni kweli kwamba nahodha wa meli ya gesi atapokea amri zake kwa Kiingereza. Lakini wafanyakazi wa gatini, wa mashua za kuongozea meli, na wa vivuko vinavyobeba maji sitahani mvua inaponyesha, huelezana hatari kwa Kiswahili, tena kwa sentensi fupi na kwa sauti ya juu. Ilani iliyotungwa kwa njia ya tafsiri ingewaambia: "Epuka hali ambapo shehena ya kiowevu isiyojaa kikamilifu inaweza kusababisha msukosuko wa ndani." Ilani iliyotungwa kutoka ndani ya lugha yao ingesema: "Usitoke bandarini na tangi shinda. Litatika."